Kweli au Uongo? Sumu ya Porini Kwenye Sufuria za Kisangani

Mwenyeji wa Kisangani hahitaji kuambiwa kwamba msitu ni ghala la chakula. Fumbwa iliyokatwa nyembamba, uyoga uliofungwa ndani ya majani, nsafu, mbegu za kola, pilipili ya msituni na viazi vikuu vilivyochimbwa porini huingia mjini kila siku: kwa mitumbwi inayovuka kutoka Lubunga, kwa baiskeli za toleka, na kwa vichwa vya akina mama wanaotembea tangu alfajiri kwenye barabara za Buta na Ubundu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Céline Termote, Patrick Van Damme na Profesa Benoît Dhed'a Djailo wa Chuo Kikuu cha Kisangani walichapisha uchunguzi wao kuhusu mimea isiyolimwa inayoliwa na Waturumbu, Wambole na Wabali wa mkoa wetu wa Tshopo. Orodha waliyoikusanya ilikuwa ndefu, na sehemu ya mimea hiyo waliikuta ikiuzwa katika masoko ya mjini.

Msitu huohuo una mimea inayoua, na baadhi yake imefanana sana na ile inayolisha. Zamani aliyechuma ndiye aliyepika, na aliyepika alikuwa amefundishwa na mama yake kuutambua mmea ukiwa bado umesimama ardhini. Leo wengi wetu tumezaliwa Makiso, Mangobo au Kabondo. Tunanunua jani au kiazi kutoka kwa mtu tusiyemjua, au watoto wetu wanaokota kitu njiani wakitoka shule. Pengo la ujuzi tumeliziba kwa kanuni fupi fupi ambazo kila mtu anazirudia na hakuna anayezipima. Hapa tunazipima moja baada ya nyingine.

Kauli ya 1: "Kinacholiwa na mnyama, mtu naye anaweza kukila."

UONGO.

Kanuni hii imeenea kuliko zote, na ushahidi wa kuikanusha uko mbele ya macho yetu. Ndege hula pilipili mbivu nzima nzima bila kusikia ukali wowote, kwa sababu miili yao haiusikii kama yetu. Sungura anaweza kula majani yenye atropini, kwa kuwa damu ya baadhi ya sungura ina kimeng'enya kinachoivunja sumu hiyo. Mtu akila kiasi kama hicho anachanganyikiwa na anaweza kufa. Konokono hutafuna uyoga ambao ungeliharibu ini la binadamu. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi Kenya walieleza habari za panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu, anayetafuna magome ya Acokanthera, mti ambao wawindaji huchemsha ili kupata sumu ya mishale. Panya huyo hujipaka mate yenye sumu kwenye manyoya ya ubavuni, na mbwa anayemng'ata huweza kufa. Panya mwenyewe hana neno.

Kwa hiyo alama za meno kwenye tunda au matundu kwenye uyoga yanakuonyesha kwamba kuna kiumbe amepata chakula chake hapo. Kuhusu tumbo lako hayakuambii kitu.

Kauli ya 2: "Sumu ni chungu. Kitamu hakiui."

UONGO, ila kwa muhogo kuna chembe ya ukweli.

Kama uchungu ungekuwa ndio sumu, bilolo, ile mboga chungu, isingepikwa katika nyumba hata moja ya mji huu. Tunaila, tunaipenda, na haitudhuru. Upande wa pili, mbegu za mbono kaburi, ule mmea unaopandwa kama ua kuzunguka nyumba na makaburi, zina ladha inayokaribiana na ya karanga. Ndiyo maana watoto huzila moja, mbili, tatu, kisha huanza kutapika na kuharisha mfululizo. Nao waliopona baada ya kula uyoga mbaya kuliko wote duniani, Amanita phalloides wa Ulaya, wamesimulia mara nyingi kwamba ulikuwa mtamu.

Kwa muhogo, kweli, mizizi michungu kwa kawaida ndiyo yenye sumu nyingi ya sianidi, na wakulima wamekuwa wakiitumia alama hiyo tangu zamani. Hata hivyo uchungu wa muhogo hautokani na kitu kimoja tu, na shamba lililopigwa na ukame huweza kuongeza sumu katika aina iliyozoeleka kuwa tamu. Ulimi unakupa onyo. Hauwezi kukupa kibali.

Kauli ya 3: "Ukichemsha sana, sumu yote inakwisha."

UONGO, na huu umeharibu maisha ya watu wengi katika nchi yetu ya Kongo.

Sumu si za aina moja. Risini iliyo ndani ya mbegu za mbarika ni protini, na joto huiharibu. Sumu ya uyoga wa Amanita haiharibiki hata ukichemsha jioni nzima. Atropini ya mnanaha, ambao wengine wanaujua kwa jina la datura, hustahimili moto wa kawaida wa jikoni.

Muhogo una kanuni yake, na sombe, yaani majani yake, inatufundisha vizuri. Ndani ya jani na ndani ya mzizi kuna kemikali iitwayo linamarini, na kando yake, katika sehemu nyingine ya chembe hai, kuna kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Mama anapotwanga sombe kwenye kinu, vitu hivyo viwili vinakutana, sianidi inatoka, na kuchemsha kwa muda mrefu bila kifuniko kunaifukuza. Ukilitia jani zima kwenye maji yanayochemka, unakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki. Kwa mizizi michungu kazi hiyo hufanywa na kuloweka: siku tatu au zaidi majini, mpaka ilainike, kisha kuianika juani. Kuichemsha tu hakutoshi.

Siku hizo zikipunguzwa, matokeo yake yana jina: konzo. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika kuhusu ugonjwa huo kutoka Kwango, kusini magharibi mwa nchi yetu. Mtu analala mzima na kuamka miguu imekakamaa, na hali hiyo haiponi. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981 mkoa wa Nampula, Msumbiji, ulipata wagonjwa zaidi ya 1,000. Mwaka 1985 ugonjwa ulizuka wilayani Tarime, Tanzania. Kote huko hadithi ni moja: ukame au shida nyingine, njaa, muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, na hakuna samaki, nyama wala maharage ya kuupa mwili nguvu ya kuipunguza sumu.

Kuna njia rahisi ya kuongeza usalama, iliyobuniwa na Howard Bradbury na wenzake wa Australia na kujaribiwa Popokabaka, Kwango, kuanzia mwaka 2010. Unga wa muhogo huchanganywa na maji, hutandazwa kuwa tabaka jembamba juu ya mkeka, na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini kabla ya kusongwa ugali siku hiyohiyo. Haihitaji mashine wala pesa.

Kauli ya 4: "Kiazi kikuu cha porini ni kilekile cha shambani, tofauti ni kwamba hakikupandwa."

UONGO.

Misitu ya Tshopo ina viazi vikuu vya mwitu vinavyoliwa bila shida, kama Dioscorea praehensilis. Ina pia ndugu zake wenye sumu. Dioscorea dumetorum, ambao jani lake limegawanyika vijani vitatu, una alkaloidi inayoshambulia mishipa ya fahamu. Katika sehemu za Afrika ya Magharibi na ya Kati kuna aina zake zilizolimwa kwa vizazi hadi zikawa chakula, lakini ule wa porini unabaki hatari. Mwingine, Dioscorea sansibarensis, umepewa jina la Zanzibari ingawa unaota katika sehemu kubwa ya Afrika ya joto. Sumu yake ni kali, na mtambaa wake huzaa viazi vidogo hewani vinavyomvutia mtoto kuvichuma.

Watu wa pwani ya kusini ya Tanzania wanakijua kiazi cha mwitu chenye sumu kama hivi kwa jina la ndiga. Wakati wa njaa hukila, lakini baada ya kukikata vipande vyembamba na kukiloweka katika maji yanayopita kwa siku kadhaa. Hawakiiti chakula mpaka kazi hiyo imekwisha.

Tatizo la mjini ni kwamba kiazi kinafika sokoni bila jani. Alama iliyo wazi zaidi, lile jani la vijani vitatu, imebaki msituni. Vivyo hivyo kwa mkalamu, lile ua zuri jekundu na la njano linalotambaa vichakani: mzizi wake una kolkisini, na huko Sri Lanka watu wameula wakidhani ni kiazi kitamu. Ukiona mzizi usio na jina, usiulize bei. Muulize muuzaji ameuchimba wapi, na jani lake likoje.

Kauli ya 5: "Uyoga unaoota kwenye kichuguu ni salama."

NUSU KWELI.

Uyoga si mmea, ila unaingia sokoni pamoja na mboga na unaua kwa kosa lilelile. Katika mwaka 2018 Héritier Milenge Kamalebo na wenzake walichapisha ujuzi wa wenyeji wa Tshopo kuhusu uyoga wa porini, na wakaonyesha jinsi ujuzi huo ulivyo mpana. Kati ya uyoga unaopendwa zaidi ni jamii ya Termitomyces, unaolimwa na mchwa wenyewe ndani ya kichuguu. Jamii hiyo inaliwa, na ina alama nzuri: shina lake linaendelea chini ya udongo kama mzizi mrefu hadi kwenye makazi ya mchwa.

Lakini uyoga mwingine nao huota juu ya udongo wa kichuguu. Aliyeukata kwa juu bila kuchimba ameitupa alama pekee iliyomlinda. Na kwenye nyasi za uwanja, karibu na nyumba na shule, huota uyoga mkubwa mweupe, Chlorophyllum molybdites, unaofanana na aina zinazoliwa. Baada ya saa moja hadi tatu anayeula hutapika mno. Ukikomaa, vibamba vilivyo chini ya kofia yake hugeuka kijani. Ukiwa mchanga, ni vyeupe kabisa.

Nayo majaribio ya jikoni, yaani kuweka kitunguu, mchele au kijiko cha fedha ndani ya sufuria na kungoja kibadilike rangi, ni UONGO mtupu. Hakuna sumu ya uyoga inayotambulika hivyo.

Kauli ya 6: "Saa tatu zimepita na siumwi. Nimesalimika."

UONGO.

Sianidi huanza kazi ndani ya dakika au saa chache. Dalili za mnanaha huonekana kwa kawaida ndani ya saa moja. Kolkisini ya mkalamu hukaa saa kadhaa kimya. Uyoga wa aina ya Amanita phalloides hungoja saa 6 hadi 24, kisha kuhara na kutapika, kisha mgonjwa hupata nafuu na jamaa hushukuru Mungu. Siku ya pili au ya tatu ini linaanza kufa. Konzo hutokea baada ya majuma ya kula vibaya. Anayetapika mapema mara nyingi ana bahati kuliko anayechelewa, na yeyote aliyeshiriki sufuria moja na mgonjwa apelekwe hospitalini pia, hata kama anacheka.

Kauli ya 7: "Familia nzima ikiugua kwa pamoja, kuna mtu amewafanyia."

UONGO, na unazaa mauti ya pili.

Mwezi wa 3 mwaka 2019, katika wilaya za Napak na Amudat, Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, watu waliokula uji wa msaada walianza kuchanganyikiwa. Waliongea na watu wasioonekana, midomo ilikauka, mboni za macho zilipanuka. Karibu watu 300 waliugua na watano walifariki. Dalili kama hizo, katika mitaa yetu mingi, zingeitwa mapepo kabla ya jua kuzama. Shirika la Chakula Duniani lilisimamisha ugawaji, sampuli zikapimwa, na maabara zikatoa jibu: alkaloidi za mnanaha. Magugu ya mnanaha huota kati ya mazao shambani, na mbegu zake huvunwa pamoja na nafaka au soya.

Sumu ya mmea inapiga wote waliokula chungu kimoja, tena mtoto kwa ukali zaidi kwa sababu ya udogo wa mwili wake. Ndiyo maana nyumba nzima inaugua. Lakini sisi tunajua kinachofuata katika nyumba nyingi: bibi mzee aliyeleta mboga, mke wa pili, au mtoto yatima anayelelewa hapo ananyooshewa kidole. Wakati wa kumwokoa mgonjwa unapotea kwa kumtafuta mchawi, na mtu asiye na kosa anapigwa au kufukuzwa. Kabla ya kumtaja yeyote, fungua sufuria. Angalia kilichobaki ndani, uliza kilichumwa wapi, na kipeleke kwa daktari.

Kauli ya 8: "Mpe mawese au maziwa, mtie kidole kooni atapike."

UONGO.

Mawese hayaifuati sumu tumboni wala hayaiondoi. Mgonjwa anayesinzia au kutetemeka akinyweshwa mafuta, mafuta huingia kwenye mapafu na kuyaumiza. Akitapishwa kwa nguvu, matapishi hupita njia hiyohiyo. Makaa ya jikoni yaliyosagwa hayachukui nafasi ya mkaa wa dawa wanaoutumia hospitalini, na hata huo si wa kila mgonjwa.

Fanya haya. Toa mabaki yote kinywani, asuuze kwa maji. Akipoteza fahamu, mlaze ubavu. Weka mabaki ya chakula, maganda, majani na hata matapishi kidogo ndani ya mfuko, na uandike saa aliyokula. Mpeleke mara moja, kwa pikipiki au gari lolote lililo karibu, mtu mwingine akiwa amemshikilia. Chini ya nusu ya nchi za dunia zina kituo maalumu cha kushughulikia sumu, hivyo mfuko huo mdogo unaweza kuwa ndio maelezo pekee atakayoyapata daktari.

Kauli ya 9: "Sumu iko msituni. Uani petu watoto wako salama."

UONGO.

Mbono kaburi ni ua wa nyumba. Mbarika huota kwenye jalala. Mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mtipitipi hutungwa shanga, na zikitafunwa zinaweza kuua. Utupa hupandwa kando ya bwawa kwa ajili ya kulevya samaki, na maganda yake yanafanana na ya kunde za mwitu. Mtoto wa mjini anakutana na mimea hii mara nyingi kuliko anavyokutana na mti wowote wa msituni. Zunguka nyumba yako leo ukiwa naye, umwonyeshe kila mmoja na umtajie jina.

Kauli ya 10: "Wazee wanajua."

KWELI, kwa mimea ya kwao.

Kauli hii imebebwa na ukweli mkubwa kuliko nyingine zote hapa, na inastahili heshima. Mmbole mzee anayekwambia "hiki hatuli" amesimama juu ya vizazi vya watu waliojaribu na kulipa. Lakini ujuzi huo umefungwa na mahali. Huko California, wahamiaji kutoka Asia ya Kusini Mashariki wameuawa na Amanita phalloides kwa sababu uyoga mchanga wa aina hiyo unafanana na uyoga wa mashamba ya mpunga waliouzoea kwao. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wajuzi waliofika katika msitu mwingine.

Kisangani ni mji wa watu waliofika. Kuna waliotoka Ituri, Kivu, Maniema na Kasai. Na tangu mwaka 2023 mgogoro wa Wambole na Walengola umewaondoa watu wengi katika mashamba yao upande wa Lubunga. Aliyekimbia bila kitu huchuma anachokiona, na macho yake yanatafuta mmea wa nyumbani katika ardhi ngeni. Huyu ndiye wa kusaidiwa kwanza, na msaada wake ni jirani mwenyeji atakayetembea naye hadi ukingo wa shamba na kumwonyesha: hiki ndiyo, hiki hapana.

Tuna bahati ya pekee. Yangambi, takriban kilomita 100 kutoka hapa kwa njia ya mto, imehifadhi tangu enzi ya kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1933 mkusanyo wa mimea iliyokaushwa ulio miongoni mwa mikubwa ya Afrika ya Kati. Chuo Kikuu kiko mjini. Wauza mboga wenye ujuzi wako sokoni kila asubuhi. Shule zetu zingeweza kuwakutanisha hao watatu kwa siku moja kila mwaka, mmea wenyewe ukiwa mezani, na kila mtoto akatoka akijua mimea kumi ya kuogopa katika mtaa wake.

Mpaka siku hiyo ifike, kila mpishi ana maswali matatu ya kumuuliza muuzaji kabla ya kutoa pesa: kinaitwaje, umekichuma wapi, na ninyi wenyewe nyumbani mnakiandaaje? Akijibu yote bila kusita, nunua na umshukuru. Akisita katika moja, kiache. Kwa mimea ya porini hakuna kanuni moja ya kutenganisha chakula na sumu. Kuna kuujua mmea mmoja mmoja, kwa jina lake, kutoka kwa mtu anayeula.